Alibaki kwa Hiari Yake

Miezi miwili baada ya mafuriko, Polikarpo aliketi kwenye kigoda chake katika karakana ya ushirika wa magitaa, Mtoni, akaligonga gitaa la kwanza kwa kifundo cha kidole, mara tatu, kusikiliza kama mbao zimekauka sawasawa. Gitaa nalo likagonga kutoka ndani, mara tatu. Polikarpo akasema, "Karibu," maana ndivyo hodi inavyojibiwa. Tunduni mwake yakatoka maji ya matope kiasi cha kijiko. Akayapangusa, akaanza kufunga nyuzi.

Lilikuwa gitaa zuri kupita yote waliyowahi kutengeneza. La pili nalo liligonga, na la tatu. Asiyeitikia, nyuzi zilimkatikia mkononi, kwa hiyo wote wakajifunza kuitikia, hata wale wavivu wa salamu.

Hakuna aliyeuliza nani anagonga. Siku ya mafuriko, Mtoni halikudondoka hata tone. Mvua ilinyesha kule juu, kwenye vilima vya Pugu. Wanachama wote walikuwa wamekwenda kumlaki mgeni kutoka mkoani, isipokuwa Marselino, fundi wa kupaka vanishi, aliyesema vanishi mbichi haiachwi peke yake na vumbi lote hili. Mwenyekiti Kornelio akafunga mlango kwa nje kama ilivyokuwa desturi, mbao za mninga zisiibwe, akatia ufunguo mfukoni. Mto Kizinga uliingia karakanani saa nane mchana. Mgeni alikuwa bado hajafika, na watu walikuwa bado wanafanya mazoezi ya kupiga makofi.

Taarifa ya ushirika iliandika kwamba Marselino alibaki kwa hiari yake kulinda mali ya umma. Picha yake ilitundikwa ukutani, juu kidogo ya mstari ulioachwa na maji.

Mjane wake, Sesilia, alikuja Jumatatu tatu mfululizo.

"Mie sitaki picha, Ndugu Mwenyekiti," alisema Jumatatu ya tatu. "Nataka neno moja tu libadilishwe. Hakubaki. Alifungiwa."

Kornelio hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Alimpa kiti chake mwenyewe, akamwagizia chai, akamweleza kwa upole kwamba taarifa imeshapigwa muhuri na imeshakwenda wilayani.

"Halafu shujaa akifungiwa, shemeji, anakuwa nani?"

Kornelio akampa kazi ya marehemu, ya kupaka vanishi. Sesilia alikubali, kwa sababu mumewe alikuwa mle.

Mkono wake ulikuwa mwepesi. Kila gitaa lilipogonga alijibu, "Karibu, baba Margareta," kisha akalipangusa taratibu kuliko kazi ilivyohitaji. Siku nyingine alilia juu ya vanishi, ikabidi aanze upya. Maombi yalikuja kutoka Morogoro, kisha Tabora, kisha Mwanza; wapigaji walisema magitaa ya Mtoni yanajua kushika mapigo yenyewe. Kabla ya mwaka kwisha ushirika ulikuwa umenunua misumeno mipya na paa jipya la bati. Katika hotuba yake Kornelio alimshukuru Marselino, aliyebaki kwa hiari yake. Magitaa yote rafuni yakagonga. Wanachama wakaitikia kwa pamoja, "Karibu," hotuba ikaendelea.

Masika yaliyofuata alikuja mgeni mwingine. Wote waliondoka kwenda kumlaki, isipokuwa Sesilia, aliyekuwa na magitaa sita mabichi mbele yake. Kornelio alivuta mlango, akatia kufuli jipya, kubwa kuliko lile la zamani, akaweka ufunguo mfukoni. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Pugu tangu asubuhi.

Sesilia alisikia kufuli likibana. Akaweka kitambaa chini, akatembea hadi mlangoni, akagonga kwa nguvu, mara tatu.

Nje, Polikarpo alikuwa wa mwisho katika msafara. Alisikia vizuri sana. Aligeuza shingo, akasema "Karibu" kwa adabu, kama walivyozoea, kisha akaongeza mwendo ili asikose mahali pa kukaa.