Joto la Mtambo Jikoni kwa Biubwa

Biubwa wa Miburani alikuwa amepiga magoti jikoni, akipuliza vifuu vilivyolowa huku machozi yakimtoka. Unga wa mchele wa mkate wa kumimina ulikwisha umuka ndani ya bakuli. Masika yalikuwa hayajakatika, na mikoko, kuni za kuaminika, watu wa hifadhi ya bahari walikwisha piga marufuku kuikata. Hapo ndipo joto la mtambo wa umeme lilipobisha hodi.

"Karibu," alisema Biubwa bila kugeuka.

Mtambo wenyewe ulikuwa jirani, nyuma ya minazi. Uliunguza gesi kuzalisha umeme, na joto lililobaki ulilitoa kwa bomba refu likapotelea mawinguni. Joto lilikuwa limechoka kutupwa. Lilifuta miguu mlangoni, likaketi katikati ya mafiga, kisha likaweka mkono mmoja juu ya kifuniko, kwa kuwa mkate wa kumimina hutaka moto chini na juu.

"Na moshi je?" aliuliza Biubwa.

"Nimeuacha bombani. Hatupatani."

Mkate ulitoka mwekundu pande zote. Kufikia adhuhuri, jirani yake Somoe alikuwa ameleta sufuria ya maharage. Jokha alileta nguo za mtoto zilizokataa kukauka. Mzee Muhidini hakuleta kitu ila goti lake bovu. Joto liliwahudumia wote, na Biubwa akaanza kuimba, jambo ambalo majirani hawakulisikia tangu afiwe na mumewe.

Wiki iliyofuata akaja Hamad, fundi wa mtambo, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, mkate upo."

Hamad alikula kwanza. Kisha akasema, "Bibi, nimelifuata joto letu. Imeletwa mashine mpya. Joto litachemsha maji, mvuke utazungusha mtambo wa pili, umeme utaongezeka bila kuunguza gesi zaidi."

"Lenu tangu lini? Si mlikuwa mkilitupa?"

"Kweli, tulikuwa tukilitupa."

"Na huo umeme utafika hapa?"

Nyaya zilikatiza juu ya paa la Biubwa kuelekea hoteli za watalii. Hamad alizitazama kupitia mlango.

"Utapita, bibi," alisema.

Biubwa alikunjakunja pindo la kanga yake. Joto lilipomwona hivyo likasema kwamba kazi ya mtamboni litaifanya, ila asubuhi lina mkate. Hamad akaenda kumweleza meneja. Meneja hakuona neno. Hata mama anayenyonyesha, alisema, hupewa saa zake.

Ikawa hivyo. Mashine mpya ilizunguka, umeme ukaongezeka, na hoteli zikaweka taa za kumulika minazi. Watu wa Miburani walikula mkate wa moto kila asubuhi, na mawingu yalipokuwa mazito Biubwa aliwasha koroboi apate kuona anapokata.

Siku moja joto lilimwomba radhi. "Ningekuwa na mwanga ningekuletea. Mimi ni joto tu."

"Wewe huna kosa," alisema Biubwa. Akasogeza koroboi, akalikatia kipande kikubwa kuliko cha Mzee Muhidini, ambaye alinuna mpaka alipoongezewa.