Vema Iliyosimama Kichwa Chini

Fundi cherehani alijitakia mwenyewe. Chama kilipotafuta msimamizi wa mchujo wa kata, wagombea wote wawili walimtaja yeye, maana mwanamke anayekurudishia kitambaa kilichobaki, hata kiwe cha kufungia kidole tu, huyo hakuibii kura. Kwamba mgombea mmoja, mwalimu wa chekechea, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, halikumsumbua mtu. Muuza nyama, mgombea wa pili, ndiye aliyesema, "Yule hata mamake akikosea pindo, anafumua."

Kanuni zilijaa ukurasa mmoja. Visanduku vilingane. Alama iwe moja ya vema. Zikiwa mbili, kura imeharibika. Karatasi ikunjwe mara moja, katikati. Fundi alivua futi shingoni akapima rasimu mbele ya mpiga chapa mpaka yule bwana akaanza kutokwa jasho: kisanduku cha juu na cha chini vikae umbali ule ule kutoka katikati, asije mtu akanuna. Akatoka pale kifua mbele. Kumbe alikuwa amejishonea mfuko usio na chini.

Saa kumi na moja jioni, darasani, ubao ulikuwa umejaa vijiti vya chaki. Mwalimu mia na kumi na mbili. Muuza nyama mia na kumi na mbili. Kura ilibaki moja, nayo fundi alikuwa keshaifungua.

Vema mbili.

"Imeharibika!" Kinyozi, wakala wa muuza nyama, aliruka kitini. Alikuwa ameketi ng'ambo ya meza, na sauti yake haikuwahi kuingoja akili ifike. "Kisanduku cha mwalimu nakiona hapa, kina vema! Msitufanye watoto. Alama mbili, imeharibika!"

"Kaa chini, mwanangu, utapasua suruali, na mimi leo sishoni."

Watu walicheka kidogo. Kura zikilingana, mchujo unarudiwa baada ya siku saba. Hilo kila mtu alilijua. Mwalimu, pale dirishani, alikuwa amefumba macho, midomo ikimcheza. Mara ya tatu hii anagombea. Asubuhi alimwambia dada yake, "Nikishindwa leo, narudi kwa watoto wangu wa chekechea, nisisikie tena habari za kura."

"Na mimi nakubali," mwalimu alisema kwa sauti ndogo. "Imeharibika, dada. Turudie."

Basi pande zote mbili zimekubali. Kilichobaki ni fundi kuandika neno moja, akanywe chai.

Kalamu hakuishika. Alikuwa anaiangalia ile vema ya chini. Ya juu, ya muuza nyama, ilikuwa nyeusi tii. Ya chini ilikuwa hafifu, tena imesimama kichwa chini, miguu juu, kama mlevi mtaroni. Kinyozi, kwa upande wake wa meza, aliiona imesimama wima. Nani duniani anaandika vema kichwa chini?

Alikumbuka mama mmoja aliyeingia mwishoni kabisa, na yeye mwenyewe fundi mlangoni akipiga makofi: "Haraka, jamani, nafunga!" Yule mama aliweka alama kwa kalamu ya wino mzito na kukunja hapo hapo. Wino mbichi. Visanduku viwili, umbali ule ule kutoka kwenye mkunjo.

Akimeza mate tu, mdogo wake ana siku saba.

"Mama msimamizi," kinyozi alidai, "mbona huandiki? Au kwa kuwa ni ndugu yako?"

Ulimi huo. Fundi alimtazama hivi, kama anayemchukua vipimo vya sanda.

"Njoo upande huu," alisema. "Nawe, mdogo wangu, njoo."

Akakunja karatasi taratibu, akaiinua mbele ya dirisha. Vema ya chini ikalalia ile ya juu, unywele kwa unywele. Akaikunjua. Akaikunja tena, ili kinyozi apate muda.

"Alama ni moja," alisema. "Hii nyingine ni wino uliohama. Kura ya muuza nyama."

Kinyozi aliikunja karatasi mwenyewe, akaikunjua, akarudi kitini polepole.

Fundi alichora kijiti cha mwisho mwenyewe, chaki ikamvunjikia mkononi. Nje wakapiga vigelegele.

Walipobaki wawili, mwalimu alifuta ubao wote, pembe hadi pembe. Kisha akauliza, amempa mgongo:

"Nani alipima ile karatasi?"

"Mimi."

"Na nani aliwakimbiza watu mlangoni?"

"Mimi, mwanamke wee. Nipige basi."

Mwalimu aligeuka, macho mekundu. Akamvua dada yake futi shingoni, akaizungusha mkononi na kuitia kwenye pochi.

"Hii nakaa nayo," alisema, "mpaka mchujo ujao."