Praygod Hakuwa Mbweni

Theonest alikuwa mwalimu wa jiografia, na hilo lilimchekesha mwenyewe kuliko wote. Mtu anayewaonyesha watoto wa watu bahari na milima ya dunia nzima kwenye ramani, mdogo wake Praygod kampotea hapahapa Temeke. Praygod alitoka jioni kwenda kuangalia mpira mtaa wa pili, akasema hachelewi. Miaka ikapita. Kituoni, kila alipokwenda kuuliza, polisi walimjibu upelelezi unaendelea. Theonest akaona bora awasaidie.

Msaada wenyewe ulikuwa kituko. Aliwahi kumkumbatia mtu sokoni Tandika kwa sababu ya kisogo tu. Alipogeuka, alikuwa babu wa watu mwenye mvi hadi kwenye nyusi. Nyumbani nako mambo yalikuwa yamesimama. Nyumba aliyojenga Goba ilikuwa tupu, kwa sababu mama yake, Mama Auleria, alikataa katakata kuhama. "Mtoto akirudi atamkuta nani?" aliuliza, na Jovina, mke wa Theonest, akaacha kulizungumzia.

Jumamosi moja asubuhi simu ikaita. Mtu kaona tangazo lao la kumtafuta Praygod. Kuna kijana anafanana na yule wa kwenye picha, anapaka rangi nyumba moja Mbweni. Theonest alimwambia mama yake, akajuta palepale. Alimwacha anabandika maji jikoni ili mtoto akifika aoge.

Yeye alivaa miwani myeusi na kofia. Alijiona mpelelezi kamili, mpaka alipojitazama kwenye kioo cha bodaboda akakuta ni mwizi wa kuku. Hata hivyo alijichomeka kwenye ua wa michongoma wa ile nyumba, achungulie. Shati likanasa.

"We baba! Unafanya nini kwenye ua wangu?"

Nyuma yake alisimama mama wa makamo, kajitanda ushungi, mpira wa kumwagilia bustani mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema Theonest, nusu ya mwili ikiwa bado miibani.

"Marahaba. Haya, jieleze kabla sijaita watu."

Akajieleza hivyohivyo, amenasa. Yule mama, Bi Thuraya, alifunga maji taratibu, akaita, "Anwar! Hebu njoo utazamwe."

Fundi akaja, rangi hadi kwenye kope. Kimo kilikuwa cha Praygod, mabega ya Praygod. Uso ulikuwa wa mtu mwingine kabisa.

"Siyo yeye," alisema Theonest.

"Samahani, braza," Anwar alijibu, kama vile kosa ni lake.

Walimnasua, wakamkalisha barazani na maji ya kunywa.

"Alikuwaje huyo mdogo wako?" Bi Thuraya aliuliza.

"Maji ya kunde, kimo cha wastani. Mara ya mwisho alivaa fulana ya bluu…"

"Hilo tangazo, baba. Nauliza alikuwaje."

Theonest, anayeweza kuongea vipindi viwili bila kumeza mate, akanywa kwanza maji yote. Miaka yote alikuwa amelirudia tangazo mpaka likammeza mtu mwenyewe.

"Alikuwa muongo," alisema hatimaye. "Aliwaambia majirani mie ni padri, niko likizo. Wakaniletea watoto niwabariki."

"Ukafanyaje?" Anwar aliuliza.

"Nikawabariki."

Wakacheka wote. Kisha Theonest akavaa tena miwani yake, ingawa pale barazani palikuwa na kivuli.

Mama Auleria alikuwa mlangoni aliporudi. Alimtazama usoni tu, akajua.

"Haya," alisema, akageuka kuingia ndani.

Siku nyingine Theonest angemfuata na fununu mpya. Safari hii alisema, "Mama, unakumbuka Praygod alivyonifanya padri?"

Mama alisimama. Jina lile lilikuwa halitajwi mle ndani bila habari za polisi.

"Nakumbuka," alisema. "Majirani walikuja kuniuliza."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia ni kweli. Ningemuumbua mwanangu?"

Jovina aliangua kicheko. Mama naye alicheka mpaka akakaa chini, na alipoanza kulia hakuna aliyemnyamazisha. Baadaye wakabishana kama Praygod alipenda maharage au alikula kwa heshima tu. Walibishana mpaka jua likazama, na mama hakukubali kushindwa.

Praygod hajapatikana mpaka leo.