Kifuniko Chekundu

Asubuhi ile nilikunywa chai ya chumvi. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, anaishi kwetu na ana ugonjwa wa kupanga vitu. Alikuwa amebadilisha vifuniko vya makopo ya jikoni ili rangi zifanane, chumvi ikapata kifuniko cha sukari. Nikameza hasira, maana nyumbani ni wifi na maabarani ni msaidizi wangu, na siku yenyewe ilikuwa ya kufa na kupona. Mkuu wetu alishasema wazi: kimeng'enya changu kisipofanya kazi leo, mradi unafungwa nami nitafute pa kwenda.

Kimeng'enya hicho kimo mwilini mwa kila mtu. Ndani ya seli, uzi wa RNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni, hukatwa, vipande visivyotakiwa vikatolewa, vinavyobaki vikaungwa. Changu hakishiki mkasi. Kinawaamuru wenye mkasi waanze. Ni nyapara tu, lakini nakipenda.

Mchana matokeo yakatoka. Kwenye kichupa kilichoandikwa kimeng'enya, uzi mzima, haukuguswa. Kwenye kile kisicho nacho, umekatwa na kuungwa barabara.

Mkuu akavua miwani. "Kwa hiyo kinafanya kazi kikiwa hakipo. Tukikuondoa na wewe, si mambo yatanyooka kabisa?"

Machozi yakanilenga. Wifi akaninong'oneza, eti ananifariji, "Usilie, wifi. Na nilivyohangaika asubuhi kuvipangusa vile vichupa!"

"Kuvipangusa vipi?"

"Vilishika barafu. Nikavifungua, nikavikausha, nikarudisha vifuniko. Kifuniko chekundu upande mwekundu wa kishikio cha vichupa, cha buluu upande wa buluu. Vilikuwa vimekaa ovyo ovyo."

Ile chumvi ikanirudia mdomoni. Maandishi yangu yote yalikuwa kwenye vifuniko, kwa hiyo kichupa kilichoandikwa kimeng'enya ndicho kilichokuwa hakina.

Nilimpa maneno yake, nikafika mpaka kwa babu yake, nikisahau kwamba ndiye babu wa mume wangu. Kisha nikatoa vichupa vingine frizani, nikaandika ubavuni, nikaanza upya. Mkuu alinivumilia mpaka jioni, na jioni uzi ukakatika pale pale ulipotakiwa.

"Haya, mradi unaendelea," akasema. "Ila nani alivuruga vile vya kwanza? Huyo simtaki humu."

Wifi akainama, akajifanya anapanga vichupa.

"Mimi," nikasema. "Niliandika kwenye vifuniko badala ya ubavuni, vikabadilishana."

Mkuu akanitazama, akaguna, akaenda zake. Mradi alishaupitisha kwa mdomo wake mwenyewe.

Nyumbani wifi alikwenda moja kwa moja jikoni. Aliniletea chai, akasimama pembeni kunitazama nikionja. Ilikuwa na chumvi: hata yeye vifuniko vyake vilimpoteza.

Nikaimaliza yote. "Tamu," nikamwambia.