Hatuziki kwa Mwinjuma

Huku kwetu mtu akifiwa hakuiti. Unasikia kilio, unajifunga khanga, unatoka. Kama ulikuwa unapika, unazima jiko. Kama mligombana jana, ugomvi unauacha nyumbani, utaukuta ukirudi. Ndivyo tulivyoishi mtaa wetu wa Kwa Bigili, mbele kidogo ya Bunju, Waislamu kwa Wakristo. Tuna kikundi chetu cha kuzikana, tuna masufuria yetu na turubai letu, na mwenye ufunguo wa stoo ni Mwalimu Demetria, mstaafu, mtu wa Bukoba, ambaye hajawahi kukosa msiba hata wa mtu aliyemnunia.

Sasa nikisema kwamba mama yake diwani alikufa, mtaa mzima ukasikia kilio na hakuna aliyetoka, nataka mjue uzito wake.

Sababu ni mwanangu Aidarus, kitinda mimba wangu. Sisi ni watu wa duka tangu kwa babu aliyekuja kutoka Hadhramaut, na Aidarus ndiye aliyekuwa mikono yangu pale kaunta. Mwinjuma, diwani wetu, alikata kipande cha makaburi ya mtaa akampa mtu wa kujenga kituo cha mafuta. Makaburi, jamani. Watu waliona ukuta unapanda, wakanyamaza, kwenye mkutano wa mtaa wakampigia makofi kwa kutumwagia kifusi barabarani. Mwanangu akasimama akauliza ardhi ya maiti imetolewa kwa idhini ya nani. Hakutukana, hakupandisha hata sauti. Mwinjuma akatabasamu, akamwambia swali zuri, atajibiwa.

Alijibiwa wiki ileile. Ilikuwa Ramadhani, baada ya alasiri, Aidarus anampimia mteja sukari. Gari lisilo na namba likasimama, wakashuka wanaume wenye nguo za kawaida, wakamchukua na kijiko cha sukari mkononi. Alikuwa amefunga. Mpaka leo sijui mwanangu alifuturu nini, na mjue kwamba hilo linaniuma kuliko mengi ambayo watu wanadhani yananiuma.

Nilizunguka vituo vyote vya polisi, kuanzia huku kwetu mpaka Temeke. Kila nilikokwenda hayupo, hawamjui, hawajamwona. Afande mmoja akanishauri nikaangalie kwa wanawake, vijana wa siku hizi wana mambo. Nikamwambia mwanangu alitoka nyumbani na saumu, hakutoka na marashi. Akacheka. Nilimwombea Mungu ampe kicheko hichohicho siku yake ikifika.

Basi Mwalimu Demetria akaja dukani, akakaa kwenye gunia la mchele, akasema maneno ambayo mtaa mzima uliyapokea bila mkutano wala kupiga kura.

"Sie bunduki hatuna, Mama Aidarus. Ila misiba tunayo. Huyu akifiwa, hatuziki."

Kama wewe si mtu wa huku, utaona ni kitu kidogo. Si kidogo. Mtu unaweza kumtukana, unaweza kumnyima kura, na kura zenyewe siku hizi hata usipompa anazipata. Lakini kumwachia maiti wake peke yake ni kumwambia kwamba hayumo kati ya watu. Mwinjuma alipopelekewa habari alisema ana watu wengi, hana shida na wapika pilau.

Mtu mmoja tu wa nyumba yake ndiye aliyekuwa bado wa kwetu, mama yake mzazi, Bi Chausiku. Kila Ijumaa alijikongoja na fimbo yake mpaka dukani kwangu, akakaa, tukanyamaza pamoja. Mwanawe alimkataza, akaja. Alimnyima gari, akaja kwa miguu. Siku moja akaniambia amemweleza Mwinjuma kwamba nyumba aliyomjengea aichukue, na Hija aliyompeleka, Mungu ndiye atakayeihesabu, lakini radhi ya mama hatampa mpaka mtoto wa Nusaiba, ndiyo mimi, arudi kwao. Sikuwahi kumpenda mtu nje ya damu yangu kama nilivyompenda yule bibi.

Ndiye aliyekufa. Na mimi nilikuwa nimekaa dukani, nimeushika mdomo wangu kwa mikono miwili, kilio chake nakisikia na sikwenda.

Mwinjuma hakukosa watu, hilo alisema kweli. Mabasi yalikuja na vijana waliovaa sare. Yakaja maturubai meupe ya harusini, viti vyenye vitambaa, wapishi wa mjini na kofia zao. Tukasikia na waziri anakuja, na watu wa kamera. Lakini milango yetu ilikuwa imefungwa upande huu na upande ule, na msiba ule ukawa unaonekana kama duka lililofunguliwa porini. Halafu kukawa na jambo la kuosha. Watu wa kukodi wanaweza kulia, ila kuosha ni kazi ya wenyewe, na huku mwoshaji wa wanawake ni mimi. Angeweza kuleta mwingine kutoka mbali. Hakutaka. Alijua kwamba nikivuka mimi ile barabara, mtaa wote utavuka, na waziri asingependa kupigwa picha kwenye msiba uliosusiwa.

Alikuja kabla ya adhuhuri, kwa miguu, amevaa kanzu. Macho yalikuwa mekundu, sitamsingizia, alikuwa amelia.

"Shikamoo, mama."

Sikuitikia. Ile shikamoo ikabaki pale juu ya kaunta na wateja wakaangalia pembeni. Akasema mama yake ameusia nimwoshe mimi. Nikamwuliza Aidarus yuko wapi. Akaanza habari za wakubwa, za ngazi, za utaratibu, kwamba yeye ni diwani tu, mtu mdogo. Nikamwambia kama ni hivyo akawaite hao wakubwa waje wamwoshe mama yake, mimi nina duka la kuangalia.

Akainama mpaka nikasikia pumzi yake. "Jioni hii utakuwa naye, mama. Nimeshaongea nao."

"Sema wallahi."

Akaweka kiganja juu ya kaunta.

"Wallahi," akasema.

Nilimwamini, na msinishangae. Mwanamke aliyekaa miezi akisikiliza kila gari linalopunguza mwendo, ukimtajia jioni, hasikii kingine. Nilikwenda kwa Mwalimu Demetria nikamweleza. Akaniuliza kama nina imani na yule mtu. Nikasema sina imani naye, nina hamu na mwanangu. Hakunilaumu. Akafungua pindo la khanga yake, akatoa ufunguo wa stoo, akaita wanawake watoe masufuria. Nilipokuwa navuka barabara nilisikia milango inafunguka nyuma yangu mmoja baada ya mwingine.

Bi Chausiku alikuwa amelala chumbani kwake, mdogo kuliko alivyokuwa Ijumaa ya mwisho. Nikatengeneza maji ya majani ya mkunazi, nikamfunika shuka, nikaanza kwa jina la Mungu, upande wa kulia. Aliyekuwa ananimiminia maji ni Wafa, mke wa Mwinjuma, mtoto wa watu wa Mbweni ambaye mtaani tulikuwa tukimwona kwenye vioo vya gari tu. Alikuwa anamimina huku ameangalia ukutani. Nilidhani anaogopa maiti.

Akaniuliza kwa sauti ya chini mumewe ameniahidi nini. Nikamwambia jioni nitakuwa na Aidarus. Kata ikamponyoka, maji yakamwagika sakafuni.

"Asikudanganye, mama," akasema. "Aidarus alifia mikononi mwao siku ileile waliyomchukua. Bi Mkubwa, mkwe wangu, alimsikia mume wangu akizungumza na simu, Ijumaa hii iliyopita usiku. Toka hapo hakutia kitu mdomoni mpaka amekufa."

Nikamwuliza, na ule wasia je. Akasema hapakuwa na wasia wa kuosha. Bi Mkubwa alimwachia yeye Wafa neno moja tu, kwamba vyovyote itakavyokuwa, Nusaiba aambiwe.

Sijui niwaeleze vipi. Nilitaka kupiga ukelele utakaopasua lile bati. Nilitaka kutoka nje na mikono yangu yenye maji ya josho nimkamate yule mtu shingo mbele ya waziri wake. Lakini mbele yangu alikuwa amelala mtu ambaye alikuwa ameoshwa nusu, na mtu huyo alikufa kwa njaa kwa ajili ya mwanangu. Nikamwambia Wafa aokote kata. Nikamalizia. Nikamfuta, nikamtia kafuri, nikamvika sanda, na kila nilipokunja kitambaa nilikuwa nasema kimoyomoyo kwamba wangu hakuna aliyemkunjia. Machozi nilijitahidi yasimdondokee.

Mwinjuma alikuwa amesimama mlangoni anasubiri kumbusu mama yake. Nikamwuliza swali moja.

"Mwanangu mmemzika wapi?"

Aligeuka kwanza kuangalia kama waziri yuko karibu. Halafu akaniambia kwa upole, kama mtu anayemtuliza mteja.

"Mie nilipeleka jina tu, mama. Mengine hawakuniuliza."

Akaongeza kwamba tuyaache, tutayamaliza baada ya msiba. Akaingia kumbusu mama yake. Sikumzuia.

Tulimzika Bi Chausiku. Hatukumzikia Mwinjuma, tulimzika wa kwetu, na wanaume wa mtaa walichimba wao na kubeba wao. Kaburi lilikuwa nyuma kabisa, ubavuni mwa ule ukuta wa kituo cha mafuta, maana nafasi nyingine haikubaki. Waliorudi wanasema waziri alishika kipaza sauti hapohapo makaburini, akasema kiongozi mzuri utamjua kwa wanaokuja kumzikia, na kwamba aangaliwe diwani huyu anavyopendwa na wananchi wake wa dini zote. Jioni ikaonyeshwa kwenye televisheni. Na mimi nikaonyeshwa, natoka mlangoni macho yamevimba. Mtangazaji akasema majirani walishindwa kujizuia.

Hiyo ndiyo jioni yangu niliyoapiwa.

Asubuhi yake sikufungua duka. Usiku nilikuwa nimemweleza Mwalimu Demetria maneno ya Wafa, lakini sikumwita mtu. Mwalimu Demetria alikuja na ufunguo wake, nyuma yake vijana wamebeba lile turubai letu lenye kiraka, wakalisimamisha mbele ya mlango wangu. Mikeka ikatandikwa. Wanawake wakaja wamejifunga khanga, masufuria yakabandikwa. Imamu wetu naye akaja. Nikamwomba amswalie mwanangu swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo. Akaniambia swala hiyo inataka uhakika wa kifo, na yeye hajaletewa uhakika. Nikamwambia aulize kwa diwani. Akashika ndevu zake, akatazama chini, lakini hakuondoka, na hilo ninamshukuru.

Mwalimu Demetria alikaa karibu nami akasali kwa desturi yake, kimya, shanga zake zikipita vidoleni. Ndipo nikalia kwa sauti. Tangu Ramadhani nilikuwa sijamlilia Aidarus hivyo, maana kulia hivyo ni kumzika mtu, na mimi nilikuwa sijamzika.

Polisi walifika watu wakiwa wanakunywa chai. Aliyewaongoza alikuwa afande kijana, mwenye adabu zake, akanipa shikamoo na mimi nikaitikia kwa kuwa hakunikosea bado. Akauliza kibali cha mkusanyiko kiko wapi. Mwalimu Demetria akamjibu kwamba msiba hauombewi kibali. Afande akasema ameelezwa hapa hakuna msiba, kuna watu wanatumia jina la msiba kufanya siasa. Waliomweleza hakuwataja, na sisi hatukuuliza.

"Aliyekufa ni nani?" akaniuliza.

Nikamtajia mwanangu jina lake lote, la baba na la babu.

"Nani amethibitisha? Maiti yenyewe iko wapi?"

Nikasimama, nikamsogelea mpaka nikaona jasho juu ya mdomo wake. Ni kijana tu, rika moja na Aidarus.

"Mwanangu," nikamwambia, "hilo swali nimewauliza nyie tangu Ramadhani."

Aligeuka akawaambia wenzake washushe turubai. Walifungua kamba, wakalikunja, wakalitupa nyuma ya gari pamoja na mikeka, na kumwambia Mwalimu Demetria alifuate kituoni akiwa na kibali. Jua lilikuwa limeshapanda. Tukabaki tumekaa chini, mbele ya duka lililofungwa, tukimlilia mtu ambaye serikali inasema hajafa.