Msumari Juu ya Mlango

Lori lilikuwa limeshawashwa, na cherehani imeshafungwa kamba nyuma, lakini mke wa fundi makochi alikuwa bado mbele ya kompyuta chumbani, simu sikioni, akisikiliza muziki wa kusubirishwa wa kampuni ya intaneti. Mumewe alikuwa anakwenda mji wa mbali kushona viti vya hoteli, miezi sita. Alisimama mlangoni na begi lake, akingoja aangaliwe.

Saa nne kamili asubuhi ile, ofisi iliyotaka kumpa mwanamke kazi ya kuchapa barua za madaktari ingepima kasi ya intaneti yake. Ikiwa ndogo, kazi aliyoihangaikia mwaka mzima angepewa mwingine. Na ilikuwa ndogo. Mshale wa kupimia ulipanda kidogo kwenye kioo, ukasita, ukaanguka kama mgonjwa aliyejaribu kukaa.

"Huenda ni waya," alisema mwanamke.

Heri angenyamaza. Waya ule mumewe aliutandaza mwenyewe, kutoka kwenye kisanduku cha intaneti sebuleni, ukapita juu ya mlango hadi chumbani, umenyooka kama mshono.

"Waya wangu hauna neno," alisema fundi. "Lawama wapelekee hao wenye muziki."

Lori likapiga honi. Mwanamke akainua mkono bila kugeuka. Alipogeuka, mlango ulikuwa mtupu.

Mtu wa kampuni alipopokea alimwambia azime, kisha awashe. Alikuwa ameshazima na kuwasha mara nne. Akazima, akawasha. Yule mtu akasema upande wao kila kitu kiko sawa, akamtakia siku njema. Siku gani hiyo njema.

Sebuleni, mama mkwe alikuwa akimenya viazi huku akitazama vichekesho kwenye simu, inayovuta intaneti hewani kutoka kisanduku kile kile.

"Mbona hii yangu haigandi, mwanangu?" aliuliza. "Hicho chombo chako kina nini?"

Mwanamke alikuja akaichungulia simu ile. Basi intaneti ilikuwa inafika nyumbani. Ilikuwa inapotelea njiani, kati ya sebule na chumba.

Akavuta kiti, akaufuata waya kwa kidole. Mumewe alikuwa ameushikiza kwa misumari ya makochi, ile midogo ya vichwa vya shaba, imepangwa shibiri kwa shibiri. Kila msumari ulipita ubavuni mwa waya na kuubana kwa kichwa. Wa kumi na saba, juu ya mlango, ulikuwa umeutoboa waya katikati.

Miaka mitatu alikuwa akigombana na watu wa kampuni.

"Yule," alisema mama mkwe, akinyoosha shingo, "ukimpa mtoto amvishe nepi atapigilia misumari."

Mwanamke hakucheka. Zilibaki dakika kumi na mbili. Akaichomoa kompyuta, akaihamishia sebuleni vipande vipande, akaiweka juu ya stuli mahali ilipokuwa cherehani. Mama mkwe alibeba kibodi juu ya beseni la viazi. Waya mfupi uliokuja na kisanduku ulikuwa bado kwenye plastiki yake. Akauchomeka. Mshale ukapanda, ukatulia huko juu.

Mchana mumewe alipiga simu kutoka njiani.

"Wamekubali?"

"Wamekubali."

"Si nilikwambia waya hauna neno?"

Mwanamke aliutazama msumari wa kumi na saba, alioung'oa, kiganjani mwake.

"Uliniambia," alisema.

Barua za madaktari alizichapa miaka mitano, mpaka ofisi ile ikafungwa. Miezi sita ya fundi ikawa kumi na minane, akarudi na maumivu ya mgongo. Cherehani iliuzwa huko huko. Kwa nini kompyuta ilihamia sebuleni hakuuliza. Mama mkwe alifariki mwaka uliofuata, na simu yake akairithi mpwa wake. Waya wa zamani bado uko ukutani, hauunganishi kitu na kitu. Jumamosi fundi hupanda kiti na kitambaa, akaupangusa vumbi msumari kwa msumari, na akifika juu ya mlango, penye pengo, mkono wake husita kidogo, kisha huendelea.