Sweta Niliyomvua Binti Yangu

Uvumi ulining'ang'ania wiki nzima: mtoto asiyeonekana mgonjwa hachangiwi. Basi siku ya mashindano ya gofu ya kuchangia upasuaji wa moyo wa binti yangu, nilimkalisha karibu na shimo la saba, nikamvua sweta ili wachezaji waone alivyokonda.

"Mama, nasikia baridi. Mbona hao wanaokosa shimo wamevaa majaketi?"

"Vumilia kidogo, mwanangu."

Kila aliyekosa alimtazama, akatoa mchango ili aruhusiwe kupiga tena. Pesa zikazidi. Lakini upepo wa asubuhi nzima ulimletea homa ya mapafu, upasuaji ukaahirishwa. Pesa ipo, sisi tuko wodini, tumechoka.

Mzazi mwenzangu, epuka haya:
kuamini uvumi;
kumvua mtoto nguo ahurumiwe;
kumwambia avumilie.